Joto la Chumba cha Chiriku

2 Mei

Fundi wangu,

Barua hii utaipata kwa dereva wa lori lenu, yule mnene anayecheka kabla hajamaliza kusema. Nimemwomba kila anapopita huku achukue bahasha yangu na alete yako. Kwenye simu tumeshindwana. Wewe ukisema neno moja mimi nina kumi, mtu anakata, halafu kutwa nzima nashona mikono ya gauni nyuma mbele. Kwenye karatasi angalau mtu anafikiri wakati anatafuta kalamu. Kwa hiyo simu ibaki ya dharura na ya ndege. Maneno ya mume na mke yapite kwa dereva.

Huku ni wazima. Mama yako kikohozi kimepungua, anakusalimu, na anasema huko kwenye maghala ya baridi uvae soksi mbili. Nimemwambia fundi wa majokofu haogopi baridi. Akanijibu, "Fundi ni wako, miguu niliizaa mimi."

Chumba cha ndege kinakwenda vizuri. Kila asubuhi kabla sijafunua cherehani natazama simu: joto sawa, unyevu sawa, taa zinawaka pole pole kama kunakucha kweli. Chiriku wa kawaida hawana makuu, hao wanataga hata kwenye kopo. Lakini hawa wa rangi ulioniletea ndio wenye maringo yao. Kichwa Cheusi anaatamia. Malkia, yule wa kifua cha zambarau, bado anabeba nyasi na kuzitupa, haoni pa kumfaa.

Juzi nilikwama kidogo. Unyevu ulikuwa unapanda, ukuta unatoa jasho. Nikamwita Bwana Manyoya, yule mwenye duka la ndege karibu na kituo cha mafuta. Alikuja, akatazama, akarekebisha kwa kidole kimoja. Nimempa ruhusa kwenye ule mfumo uliotufungia wa kuendesha joto na taa kwa simu, ili nikibanwa na kushona aniangalizie akiwa dukani kwake. Ni mtu mwema, na ndege anawajua.

Halafu kamera ya ukutani haina tena kile kitaa chake chekundu. Imekufa?

Mkeo,
Sindano


9 Mei

Sindano wangu,

Barua nimeipata, ina alama ya kikombe cha chai juu ya jina langu. Dereva anasema si yeye.

Tunalala wanne chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, na mimi niko chini ya mtu anayekoroma kama kompresa mbovu ya jokofu. Kazi ni nyingi. Kutwa nzima nahangaika kupoza matunda ya watu. Tukipumzika wenzangu wanatazama mpira, mimi natazama joto la chumba chako. Wananiita Baba Ndege. Waache. Nikiona mlango wa kile chumba umefunguliwa na joto limeshuka kidogo, najua umeamka na umeingia. Siku inaanzia hapo.

Sasa nikuulize kwa upole. Huyo Manyoya ana mke? Duka lake halina wateja, mpaka apate nafasi ya kuangalia unyevu wa nyumba za watu? Mimi zile nyaya nilizivuta nikiwa juu ya ngazi, vumbi la dari limejaa machoni, wewe umenishikia tochi. Yeye kaja na kidole tu. Na sasa kidole hicho kinaweza kuwasha na kuzima taa ndani ya nyumba yangu. Fikiria mwenyewe kama ni sawa.

Kamera imekufa, ndiyo. Usihangaike nayo wala usiiguse, ina umeme. Nitaleta nyingine nikirudi.

Mwambie mama soksi ninazo.

Mumeo,
Fundi


17 Mei

Fundi wangu,

Eti ana mke? Alikuwa naye, wakaachana. Ana tumbo, ana goti linalolia akipanda ngazi, na ndege anawajua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Kipi kati ya hivyo kinakunyima usingizi?

Makinda watatu wa Kichwa Cheusi wameanguliwa! Wako uchi kama vidole vya mtoto mchanga, macho yamefumba, na pembeni mwa midomo yao kuna vidoa vya bluu vinavyong'aa kama shanga. Manyoya anasema ndivyo mama yao anavyoona pa kuweka chakula ndani ya kisanduku cha giza. Nimekaa pale nikiwatazama mpaka mteja akaja kudai gauni lake, akanikuta sijakata hata kitambaa.

Malkia naye ametulia. Amechagua kisanduku cha kona. Tumbo limejaa, wakati wowote atataga.

Kitu kimoja kimenishangaza. Alhamisi Manyoya alikuwa ananionyesha namna ya kumshika kinda bila kumbana, tunacheka maana mimi nilimshika kama sindano, taa zikazima. Zikawaka. Zikazima tena. Ndege wakarukaruka wakigonga waya. Alipoondoka tu, taa zikatulia. Yeye akasema, "Mfumo huu una wivu kuliko mwenye nyumba." Mimi sikucheka sana. Uangalie huko kwako, huenda kuna kitu kimelegea.

Kuna jambo jingine nataka kukuambia, lakini hilo si la karatasi. Tutaongea ukija.

Mkeo,
Sindano


24 Mei

Mke wangu,

Taa ni umeme wa mtaa wenu tu.

Nimemtoa Manyoya kwenye mfumo na nimebadilisha neno la siri. Kuanzia sasa joto, unyevu na taa nitaendesha mwenyewe kutoka huku. Wewe utaendelea kuona kwenye simu yako, ila hutabadilisha. Ukitaka kitu, nipigie. Kisanduku cha darini chenye swichi za mfumo kina kufuli na ufunguo ninao mimi, kwa hiyo asije mtu na ngazi.

Usiniite mtu wa wivu. Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Manyoya anasema. Manyoya ananionyesha. Tunacheka. Mimi nimo wapi humo? Nimo kwenye lile swali la kunidhihaki. Zamani ukiona kitu kizuri, hata mawingu yenye sura ya kuchekesha, ulikuwa unatoka mbio kuja kuniita. Sasa makinda wanaanguliwa na aliyekuwa karibu nawe ni mtu wa dukani. Na hilo jambo "lisilo la karatasi" ni lipi? Unanipa nusu ya neno, halafu unataka nilale?

Najua, asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mimi bado nipo. Ukiingia asubuhi kwenye kile chumba ukahisi joto, ujue ni mimi. Si mtu mwingine yeyote.

Fundi


1 Juni

Mume wangu,

Malkia amekufa.

Jumanne nilimkuta sakafuni mwa tundu, amejikunyata manyoya yamevimba, macho yanafumba. Yai lilikuwa limekwama. Nilikupigia, hukupokea. Nikakupigia tena. Nikampigia Manyoya, akaja na goti lake hilohilo. Alisema ndege wa hivi anachohitaji ni joto, joto tu, misuli ilegee yai litoke. Nje kulikuwa na ile baridi ya mvua. Na katikati ya kuhangaika kwetu hita ikazima.

Nikabonyeza simu, ikaniambia sina ruhusa. Nikabonyeza tena kama mjinga. Nikakupigia tena.

Alifia mkononi mwangu. Hakuwa na uzito wowote, kama kipande cha hariri. Hita ilirudi baadaye. Kisha nikakumbuka kisanduku cha Kichwa Cheusi. Makinda wawili walikuwa wamepoa. Amebaki mmoja.

Sina mengine. Kuna gauni la mteja linanisubiri.

Sindano


6 Juni

Mke wangu mpenzi,

Pole. Pole sana. Nimesoma barua yako nikakosa hata hamu ya kula. Yule Malkia nilimchagua mwenyewe kati ya ndege wote waliokuwepo, kwa sababu ya kile kifua chake, nikasema huyu ni wa mke wangu.

Siku hiyo simu ilikuwa imefungiwa kabatini, unajua wakubwa wa hapa wanavyokuwa wakali. Na hita bila shaka ni intaneti ilikatika. Intaneti ikikatika mfumo unajizima wenyewe kwa usalama. Ni bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa.

Usijitese. Ndege hawa ni dhaifu toka kuzaliwa. Yai likikwama limekwama, hata umshikilie juu ya mvuke wa beseni kutwa kucha, hata aje bwana na shati lake la kijani akushike mikono yote miwili. Ya Mungu hayana fundi.

Nitakutafutia jike mwingine, mzuri zaidi.

Mumeo akupendaye,
Fundi


12 Juni

Mwanangu,

Sina mazoea ya kuandika, na macho yangu unayajua, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usicheke.

Mkeo alinisomea barua yako kwa sauti. Alipofika mwisho akasogea nayo dirishani. Akairudia peke yake. Kisha akaniuliza, "Mama, hivi mimi nilimwandikia habari za beseni?"

Nikamwambia, "Mwanangu, nitajuaje ulichomwandikia mumeo?"

Akasema, "Sikumwandikia. Wala habari za shati."

Akapanda juu ya kiti, akaitazama ile kamera uso kwa uso, kama unavyomtazama mgeni uliyemkuta ndani amekaa siku nyingi bila kupiga hodi. Alishuka akaenda kukaa kwenye cherehani, na cherehani haikulia.

Sasa nikuambie usichokiona kwenye simu yako. Beseni nilikuwa nimelishika mimi. Hukuniona kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti chini kabisa, na jicho lako la ukutani linaona juu tu. Yule bwana alimshika mkeo mikono kwa sababu mikono ya mkeo ilikuwa inatetemeka na ndege angeanguka ndani ya maji ya moto. Nikiwa hapo chini nikasikia kisanduku darini: tik. Taa ya jikoni inawaka. Redio ya jirani inaimba. Unasema intaneti ilikatika? Simu ya mkeo ilikuwa mezani inaonyesha joto linashuka, digrii baada ya digrii. Hizo digrii alikuwa anazileta nani, bahasha ya dereva?

Usidhani mama yako ni mjinga. Yule bwana alipoanza kuja, mimi wa kwanza kumshuku. Kila akibisha hodi nilihamishia kiti changu mlangoni mwa chumba cha ndege, nikawa nakohoa hata siku ambazo kifua kilikuwa kizima. Nilimlinda mkeo kama askari, kwa ajili yako. Na nilichokisikia ni hiki. Yule bwana amejenga vizimba vipya vya ndege, vikubwa, akamwomba mkeo akaviendeshe kwa mshahara. Mkeo akasema, "Ngoja mume wangu arudi, nitaongea naye." Ndilo hilo jambo lililokukosesha usingizi.

Marehemu baba yako naye alikuwa na wivu, nisimsingizie. Ila wivu wake ulikuwa unaingia kwa mlango, unagombana, unakula, unalala. Wako unapita ukutani.

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako imeua ndege watatu.

Mama yako


12 Juni

Fundi,

Dereva anangoja, nitaandika kwa kifupi.

Nimemleta fundi umeme wa mtaa wa pili. Amekata kufuli, ameshusha kisanduku, ameng'oa kamera. Ameniwekea hita ya kawaida yenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono, na kipima joto nimekitundika ukutani pale pale palipokuwa na jicho lako. Nikitaka joto nainuka nazungusha.

Kinachoniuma si Malkia peke yake. Mle chumbani ndimo nilimokuwa nakimbilia. Nilikuwa naingia na khanga tu begani, nafagia huku naimba vibaya. Siku ya kumbukumbu ya baba yangu nilikaa kwenye ndoo nikalia mpaka nikachoka. Nilijua niko na ndege. Kumbe ulikuwepo. Ukayaona yote hayo, na kwenye barua ukaniandikia kama mtu asiyeona kitu. Ungenipigia siku ile ukaniambia, "Nimekuona unalia," ningekukasirikia, lakini ningejua nina mume.

Unataka kujua kuhusu Manyoya? Nitakuambia bila kuulizwa. Aliniambia mikono yangu ina subira. Nilifurahi. Nilifurahi siku nzima, na sioni haya. Wewe ulikuwa unanitumia joto kila asubuhi, neno zuri hukunitumia hata moja.

Hakuniomba kingine zaidi ya kazi, na kazi nimeikubali. Jumatatu naanza. Nilitaka sana kukuuliza kwanza, nilikuwa nimeyapanga hata maneno. Mtu wa kumuuliza sikumwona.

Usinitumie jike mwingine. Usiandike. Kama una la kusema, lilete mwenyewe.

Sindano


24 Juni, sebuleni

Mke wangu,

Umesema nisiandike, nami naandika tena, kwa sababu nimefika na siwezi kuyatoa mdomoni. Barua hii safari yake ni fupi, naipitisha chini ya mlango wa chumba cha ndege. Najua umo, nasikia unachambua mbegu.

Mama amenifungulia mlango, akanipa maji, akarudi kwenye kiti chake. Mpaka sasa hajaniambia neno zaidi ya "Karibu." Sijawahi kukaribishwa kwa baridi namna hii, na mimi kazi yangu ni baridi.

Kamera haikufa. Nilikizima kile kitaa chekundu wiki ya kwanza tu nilipofika kazini. Nilijiambia ni kwa ajili ya ndege. Mwanzoni labda ilikuwa kweli.

Taa za Alhamisi nilizizima mimi. Si kwa sababu alikukaribia. Ulicheka, mke wangu. Ulimshika kinda ukacheka ukirudisha kichwa nyuma, na kicheko hicho nilikuwa sijakisikia muda mrefu mpaka nikasahau kwamba unacho. Kamera haina sauti. Nilikiona tu. Nikamwona mtu mwingine amesimama pale, anakisikia.

Jumanne simu haikuwa kabatini. Ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti la matunda, jina lako linaita juu ya picha yako, na sikupokea, kwa sababu mikono yake ilikuwa juu ya yako. Nikataka baridi iwatoe humo ndani. Nikazima. Ukiniuliza kama nilijua Malkia anakufa, jibu langu ni baya kuliko kujua. Ndege sikumwona kabisa. Nilizitazama picha za chumba kile kila siku, na siku ambayo kulikuwa na ndege wa kuonwa sikumwona. Nilipokuona umeinamisha kichwa ndipo nikawasha tena. Halafu nikakuandikia ile barua ya intaneti.

Nimeomba likizo. Wameninung'unikia, wakanipa. Njiani dereva hakucheka hata mara moja, nadhani anajua anachobeba kila wiki.

Nasikia watu wanasifu unavyoendesha vizimba vile vipya, hata jirani amenisimamisha getini kunisimulia, kabla sijaweka begi chini. Nilisikia kitu kikinichoma tena, palepale. Nakuambia ili usidhani nimerudi mtu mwingine. Ni mimi yule yule. Ila safari hii nimepita mlangoni.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba kuingia tu.

Fundi


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Nimesoma.

Nina hasira bado, na kesho nitaamka nayo, kwa hiyo usijipange kwa maneno matamu.

Kichwa Cheusi ametaga tena. Anaatamia tangu Ijumaa, na ana hofu na kila anayeingia. Vua viatu. Simu iache mezani kwa mama. Fungua mlango pole pole, usimkaribie, usishike kitu, usiniambie chochote. Kaa chini hapo hapo karibu na mlango mpaka akuzoee.

S.